Mpeleke Hospitali Kabla Hajaacha: Tiba ya Uraibu kwa Watu wa Mwanza na Visiwani

Mdogo wangu alikuwa mvuvi wa dagaa, na kwa miaka tisa gongo ndiyo ilikuwa chai yake ya asubuhi. Siku familia ilipochoka tulifanya kile ambacho familia nyingi za kando ya ziwa hufanya. Tulimleta mjini, tukamfungia chumbani nyumbani kwangu Ilemela, tukapeana zamu za kulinda mlango. Baba alisema akimaliza siku saba bila kuonja, pombe itakuwa imemtoka.

Siku ya kwanza alitokwa jasho na kutetemeka. Usiku wa pili alianguka kifafa, mtu ambaye hakuwahi kuugua kifafa tangu azaliwe. Siku ya tatu alikuwa anavuta nyavu ambazo hazipo, anamwita tajiri wake mwenye mtumbwi, anatufokea tumpe karabai. Tulidhani amerogwa, na shangazi alikwishatoka kwenda kumtafuta mganga. Jirani yetu mmoja, nesi mstaafu, ndiye aliyesikia kelele akaingia, akamgusa paji la uso, akasema: "Mnamuua huyu. Tafuteni gari."

Alipona. Naandika haya kwa ajili ya dada, mama au mke aliyekaa mahali nilipokuwa nimekaa mimi, na kwa mgonjwa mwenyewe kama ndiye anayesoma. Jambo la kwanza ulishike kabla ya mengine yote: mtu anayekunywa kila siku asiachishwe ghafla nyumbani. Mpeleke kwa mtabibu akiwa bado anakunywa. Tulidhani tunapaswa kumwachisha kwanza ndipo tumpeleke akiwa "msafi". Ni kinyume kabisa.

Hatua ya 1: Mtazame asubuhi

Ukitaka kujua kama pombe imemshika mtu, usimtazame jioni. Jioni wengi hulewa. Mtazame alfajiri, kabla hajagusa kitu. Je, mikono inatetemeka hadi apate glasi ya kwanza? Anazimua kila siku, au anazimua baada ya harusi tu? Chakula kimemshinda? Ana kichupa alichokificha kwenye dari au chini ya godoro? Amejaribu kuacha zaidi ya mara moja akarudi? Anayezimua kila asubuhi ili mikono itulie, mwili wake umekwishazoea pombe kiasi cha kuasi ikikosekana. Huyo ndiye wa kuogopea kifafa.

Watabibu wana dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT, maswali 10 tu, alama 0 hadi 40. Kuanzia alama 8 unywaji umeanza kuwa na madhara, na kuanzia 20 mtu anahitaji kuchunguzwa kama ana uraibu. Ukifika kituo cha afya waweza kuomba mgonjwa aulizwe maswali hayo. Hayana aibu na hayachukui hata dakika kumi.

Sasa, pombe na unga, yaani heroini, havifanani wakati wa kuacha, na ni vizuri kujua tofauti.

Aliyezoea pombe, kutetemeka na jasho huanza ndani ya saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Kifafa mara nyingi huja ndani ya siku mbili za mwanzo. Kuweweseka, yaani kuona maruweruwe, kutojua yuko wapi, homa na moyo kwenda mbio, huja kati ya siku ya pili na ya nne, na bila tiba huweza kuua. Hayo ndiyo tuliyoyaona chumbani kwangu, moja baada ya jingine kama yalivyo vitabuni, na hakuna aliyekuwa ametuambia.

Aliyezoea unga hupata arosto: miayo, machozi na kamasi, mifupa kuuma, tumbo kukata, kuharisha, vinyweleo kusimama. Kwa heroini huanza ndani ya saa 8 hadi 12 baada ya kete ya mwisho, hupanda kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua ndani ya wiki. Ni mateso makali, lakini mara chache humuua mtu mzima mwenye nguvu, isipokuwa akiachwa akaishiwa maji mwilini. Hatari ya unga iko baadaye, nitaieleza.

Vidonge vya usingizi kama diazepamu viweke kundi moja na pombe. Mtu aliyevimeza kila siku kwa miezi, ukimkatia ghafla, naye anaweza kuanguka kifafa. Bangi na mirungi havina hatari ya namna hiyo vikiachwa, ingawa mtu atakosa usingizi na atakuwa na hasira za ajabu. Akiwa anasikia sauti au kudhani anafuatwa, hilo nalo ni la daktari.

Hatua ya 2: Chagua siku ya kusema naye

Wenye dagaa wananielewa. Kazi iko kipindi cha giza, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka dagaa hawaifuati taa. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanakaa nchi kavu, hesabu zinapigwa, hela zinatoka, na vilabu vya kambini vinajaa. Nimenunua dagaa Mwaloni Kirumba miaka mingi na najua siku ambazo simu za visiwani hazipokelewi.

Kwa hiyo usimfuate kambini siku ya malipo. Mfuate siku mbili au tatu baadaye, hela imeisha, mwili unauma, aibu iko karibu na ulimi. Na uende asubuhi, ameshazimua kidogo na mikono imetulia, lakini hajalewa. Ndiyo, nasema ameshazimua. Mtu anayetetemeka hakusikii.

Aende mtu mmoja au wawili anaowaheshimu. Mjomba ni mzuri kwetu, au dada mkubwa. Msiende kumi kama baraza. Neno "mlevi" na neno "teja" yaacheni nyumbani, kwa sababu mtu akishaitwa hivyo na mama yake mzazi hana tena sababu ya kukaa kikao. Nilivyosema mimi, mara ya pili, alipokuwa amerudia kunywa na safari hii tukafanya vizuri, ni hivi: "Mdogo wangu, sikuambii uache leo. Nakuomba twende kwa daktari akutazame ini na hiyo mikono. Nitakaa na wewe mpaka mwisho." Aliniuliza jambo moja tu: "Dada, watanifungia?" Nikamwambia ukweli kwamba wakimlaza nitalala naye, na mlango haufungwi kwa kufuli.

Zungumza na tajiri wake pia. Wavuvi wengi wana deni la tajiri, walichukua hela kabla ya kazi, na hofu ya deni huwarudisha majini kabla hawajapona. Tajiri wa mdogo wangu alikubali deni lisubiri miezi mitatu. Alikubali upesi, kwa sababu kijana anayeanguka kifafa ndani ya mtumbwi usiku, maili kadhaa kutoka ufukweni, anazama kabla wenzake hawajaweka kafi chini. Mwambie tajiri hivyo hivyo. Pia mwenyekiti wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi kwenye mwalo, aweza kusaidia kumpata mtu au kumtuliza.

Akikataa, usimfunge kamba. Rudi wiki ijayo. Ila kama amechanganyikiwa, anataka kujiua au anaweza kuua mtu, hapo hakuna kusubiri ridhaa: ni dharura, apelekwe hospitali na ndugu pamoja na viongozi wa mtaa.

Hatua ya 3: Kabla ya kupanda boti

Usimpokonye chupa siku ya safari. Anayekunywa kila siku aendelee na kiasi chake cha kawaida, au pungufu kidogo, mpaka afike mikononi mwa mtabibu. Najua neno hili linaudhi, mama yangu alilia niliposema. Lakini wanaotoka Ukara au visiwa vya mbali zaidi wanaweza kumaliza siku nzima njiani, na siku nzima inatosha kabisa kuleta kifafa juu ya maji. Akae katikati ya chombo, avae boya.

Andika kwenye karatasi, kwa sababu ukifika dirishani utasahau:

- anakunywa au anatumia nini, kiasi gani kwa siku, na kwa miaka mingapi
- mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi
- kama amewahi kuanguka kifafa au kuweweseka alipokosa
- kama anatapika damu, macho yamekuwa ya njano, au tumbo limejaa maji
- dawa anazotumia, hasa za kifua kikuu, ARV, kisukari, na vidonge vyovyote vya dukani

Bebeni kadi ya bima kama ipo, kitambulisho cha NIDA, nguo za kubadilisha, sahani, na hela ya faili na vipimo. Mgonjwa atahitaji msindikizaji, naye msindikizaji anakula.

Kuna kitu kimoja nakuomba kwa moyo wangu wote usinunue: zile dawa za kumchanganyia mtu kwenye chai au uji "aache pombe bila kujua". Baadhi ya dawa zinazomfanya mtu augue akinywa pombe ni za kweli, disulfiramu kwa mfano, na daktari huzitoa kwa mgonjwa aliyekubali, aliyepimwa, na ambaye hajanywa kwa angalau saa 12. Ukimpa kwa siri, akaenda kilabuni akanywa, presha inaweza kushuka na moyo ukaenda mbio hadi afe. Wala usimpe diazepamu ya duka la dawa kwa kukisia. Ikikutana na pombe mwilini inaweza kuzima pumzi.

Sala na iendelee. Wazee wa kanisa walitushika mkono sana, na shehe wa mtaani alikuja pia. Mwombeeni mkiwa njiani.

Hatua ya 4: Wapi pa kuanzia

Ngazi ni hizi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa ambayo kwa Mwanza ni Sekou Toure, na juu yake hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando, kule mlimani. Kwa mtu ambaye hali yake imetulia, anzia karibu na kwenu na uombe barua ya rufaa. Barua hukupunguzia maswali, na kwa wenye bima ni muhimu. Sekou Toure kuna huduma ya afya ya akili, Bugando kuna madaktari bingwa wa magonjwa hayo. Usishtuke kwa jina la idara. Uraibu hutibiwa huko kwa sababu ni ugonjwa wa ubongo, haina maana mgonjwa wako ni kichaa.

Wa Ukerewe, hospitali ya wilaya iko Nansio, na meli kutoka pale hadi mjini huchukua saa kadhaa, basi pima hali yake pale Nansio kwanza. Wa Sengerema na Buchosa mna kivuko cha Kamanga, na tangu mwaka 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kwa hiyo gari la wagonjwa halisubiri tena foleni ya pantoni.

Dirishani sema maneno haya wazi: "Mgonjwa wangu anakunywa pombe kila siku na tunaogopa kumwachisha bila daktari." Usiseme "homa tu". Huku kwetu kila anayetetemeka na kutoka jasho ana malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na nimeona kijana amelazwa kwa malaria, siku ya tatu anaweweseka, na hakuna anayejua kwamba ni mnywaji kwa sababu ndugu waliona haya kusema. Ni vilevile kwa aliyevunjika mguu kwenye bodaboda: akilazwa, pombe inakatika bila mtu kuipangia. Mwambie muuguzi siku ileile ya kwanza.

Na useme ni gongo kama ni gongo. Watu wanaficha kwa sababu gongo ni haramu kisheria, lakini mtabibu anakuuliza ili atibu, na siri ya mgonjwa ni wajibu wake. Gongo ina hatari yake ya pekee. Ikipikwa vibaya au ikichanganywa na spiriti inaweza kuwa na methanoli. Mtu akisema macho yana ukungu au anaona weupe kama maziwa, tumbo linauma, anahema haraka, mkimbize hospitali bila kusubiri asubuhi. Akichelewa anabaki kipofu au anakufa.

Mkikataliwa mahali, nendeni pengine. Kituo kimoja kilituambia "huyo ni mlevi, alale ataamka vizuri". Niliketi kwenye benchi nikalia, kisha nikaomba kuonana na mganga mfawidhi, nikamsomea karatasi yangu. Alipofika kwenye mstari wa kifafa aliandika rufaa mwenyewe. Karatasi ile ndiyo ilinisaidia kuliko machozi.

Hela ikiwa tatizo, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali kabla hujaanza kuuza mbuzi. Afisa ustawi wa jamii hupima hali ya familia na anaweza kuwaombea msamaha wa gharama. Nenda na barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji.

Mambo yakiharibika kabla hamjafika

Akianguka kifafa: msogeze mbali na moto, jiko na maji, mlaze ubavu, weka nguo chini ya kichwa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Usimshike kwa nguvu. Hesabu dakika. Hata kikiisha, safari ni hospitali moja kwa moja.

Aliyezidisha unga: hazinduki, mboni za macho zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, pumzi ni chache na za kukoroma, midomo imebadilika rangi. Mwite kwa sauti, msugue katikati ya kifua. Kama hapumui vizuri, mpulizie pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano, huku gari likitafutwa. Hospitali kuna dawa ya kumzindua iitwayo naloksoni. Maziwa, maji ya chumvi na kumwagia ndoo ya maji havisaidii, vinapoteza muda na vinaweza kumpalia.

Anayetapika damu, kwa watu wa ziwani, ni dharura ya juu kabisa. Sababu yake naieleza hapa chini.

Hatua ya 5: Wodini

Kwa pombe, siku za mwanzo hospitali ni za kutuliza mwili. Mgonjwa hupewa dawa ya kundi la diazepamu kwa dozi inayopungua siku hadi siku, ili ubongo ushuke ngazi polepole badala ya kuruka. Anapimwa presha, mapigo, joto, kutetemeka. Atapewa vitamini B1, mara nyingi kwa sindano. Wanywaji wanaokunywa bila kula huishiwa na vitamini hiyo, na ubongo bila B1 huharibika: macho hucheza, mwendo hupepesuka, kumbukumbu hupotea na nyingine hairudi. Tena dripu ya glukosi ikitangulia kabla ya B1 inaweza kuleta madhara hayo, na ndiyo sababu nyingine ya kumwambia muuguzi mapema kwamba huyu ni mnywaji.

Kwa wengi, hatua hii huisha ndani ya wiki moja hivi. Familia nyingi hapa hushangilia na kwenda nyumbani. Mdogo wangu alitoka wodini uso umejaa, anakula sato wa mchuzi, na sisi tukadhani kazi imekwisha. Mwili ulikuwa umetulia, lakini ile hamu ilikuwa bado nzima kabisa. Kabla ya kuruhusiwa, omba mambo matatu yaandikwe: tarehe ya kliniki, jina la dawa za kuendelea nazo, na siku za kuonana na mshauri nasaha. Zipo dawa za kupunguza hamu ya pombe, kama naltreksoni, na daktari atasema kama zinamfaa na kama ini lake linaziruhusu.

Mkiwa hapo, ombeni vipimo vya vitu vinavyoandamana na maisha ya ziwani. VVU, kifua kikuu, homa ya ini B na C, hasa kwa wanaojidunga. Na kichocho. Watu hawakikumbuki kichocho wanapozungumza pombe, lakini mvuvi anasimama majini kila siku, na kichocho cha tumbo hukomaza makovu kwenye ini kwa miaka. Mishipa ya koo la chakula huvimba, ikipasuka mtu anatapika damu nyingi. Ongeza gongo juu ya ini la namna hiyo uone. Dawa ya kichocho, prazikwanteli, ni ya kumeza siku moja. Mdogo wangu alikutwa nacho.

Kwa wanaotumia unga: methadoni

Hapa njia ni tofauti na ndefu zaidi, lakini ipo na haihitaji kwenda Dar es Salaam. Tanzania ilianza kutoa methadoni mwaka 2011 pale Muhimbili, na baadaye huduma ikafika mikoani. Kwa Mwanza kliniki iko Sekou Toure. Tiba hutolewa bure.

Methadoni ni dawa ya maji ya kunywa. Inashika mahali palepale kwenye ubongo ambapo heroini ilishika, ila taratibu na kwa siku nzima, hivyo arosto haiji na mtu anaweza kufanya kazi, kulala, kula na watoto wake. Wapo wanaosema ni kubadilisha unga kwa unga. Nimekaa na mama wa kijana mmoja pale Kirumba aliyekuwa anaiba hata sufuria. Sasa anashona viatu, na kila asubuhi anapita kliniki kunywa dozi yake. Mama yake hana muda na mabishano hayo.

Utaratibu ni huu kwa ufupi. Mtu anapokelewa, mara nyingi akielekezwa na watoa huduma wanaotembelea maskani, yaani vijiwe vya watumiaji, anahojiwa, anapimwa mkojo kuthibitisha kwamba anatumia heroini, anapata ushauri na vipimo vingine. Ni vizuri aende na ndugu. Kisha anaanza dozi ndogo inayopandishwa polepole, na anainywa mbele ya mhudumu.

Wiki mbili za kwanza ni za uangalifu mkubwa. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku, dozi ya leo inakuta mabaki ya jana. Anayeona haijamkolea akaongeza kete, pombe au diazepamu, anaweza kulala asiamke. Aseme kwa mhudumu kwamba dozi ni ndogo, atarekebishiwa. Pia aseme kama ameanzishiwa dawa za kifua kikuu, kwa sababu rifampisini huishusha nguvu ya methadoni na arosto inarudi. Baadhi ya ARV hufanya hivyo pia. Wengi huacha kliniki hapo wakidhani dawa imewakataa, kumbe dozi ilipaswa kuongezwa.

Kwa watu wa visiwani kuna ugumu mmoja nisiouficha: dozi ni ya kila siku, na huwezi kuvuka ziwa kila siku. Tafuteni ndugu mjini wa kukaa naye, na kazi ya nchi kavu. Kushona nyavu, kuanika dagaa, kupakia magunia pale mwaloni. Miezi ya mwanzo ndiyo ya kupangia hivyo.

Ukitaka kuelekezwa kabla hujatoka nyumbani, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya simu ya bure, 119.

Nyumba za upataji nafuu

Hizi ni nyumba ambazo waraibu hukaa kwa miezi wakiwa mbali na maskani. Zinaweza kusaidia sana, hasa mtu asiye na nyumba salama ya kurudi. Lakini kaikague mwenyewe kabla hujalipa. Uliza kama imesajiliwa na uonyeshwe cheti. Uliza mgonjwa akiwa na arosto au kutetemeka wanampeleka hospitali ipi. Wakikujibu "hapa tunamwachisha wenyewe, atazoea", ondoka. Tazama kama kuna minyororo, kama wanapigwa, kama wanakula. Uliza kama anayetumia methadoni au ARV anaruhusiwa kuendelea. Uliza kama unaweza kumwona na kusema naye bila msimamizi kuwepo. Nyumba nzuri haitakasirika kwa maswali hayo.

Hatua ya 6: Akirudi

Hela ndiyo mlango wa kwanza wa kurudia. Kwa ridhaa yake, tulikubaliana malipo yake yaende kwenye simu ya mkewe kwa miezi sita ya mwanzo. Alichagua mwenyewe, hakulazimishwa, na nadhani ndiyo maana ilishika. Mlango wa pili ni mbalamwezi. Usimwache bila kazi siku zile wenzake wanapopumzika. Weka tarehe ya kliniki katika siku hizo kama inawezekana. Ndani ya nyumba msinywe mbele yake, hata bia moja ya sikukuu.

Kwa aliyekaa bila unga, iwe hospitali, gerezani au nyumba ya nafuu, kuna hatari niliyosema nitaieleza. Mwili umeshasahau kile kipimo cha zamani. Akirudi siku moja akatumia kete zile alizokuwa anatumia, zinaweza kumuua mara ya kwanza tu. Mwambie hivyo waziwazi kabla hajatoka. Wengine huona kusema hivyo ni kumchulia, lakini kimya kimeshazika watoto wa watu.

Na akirudia pombe, usianze kuhesabu upya hasara zako mbele yake. Muulize tangu lini. Kama ni siku moja au mbili, mpigie simu mshauri wake mkaende kesho. Kama ameshafika mahali pa kuzimua tena, rudini Hatua ya 3 na yote yaliyofuata, bila kumfungia.

Mdogo wangu alirudia mwezi wa nane, baada ya msiba wa rafiki yake aliyezama. Siku ya nne alinipigia yeye mwenyewe, saa kumi na moja alfajiri, sauti ikitetemeka: "Dada, bado nakunywa, sijaacha. Njoo tu twende." Tulipanda daladala ya kwanza. Muuguzi alimtazama, akatafuta faili lake lilelile, akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe.